Gari la Mfano na Mteremko wa Iwambi

Gari la mfano, yaani lile linaloundwa kwa mkono ili wazo la mchoraji lijaribiwe kabla ya kiwanda kuanza kazi, ni nadra kufanana na linalouzwa hatimaye, kwa kuwa mkunjo ambao fundi huutoa kwa nyundo hulazimika kupunguzwa ili bati liweze kupita kwenye kalibu, chuma kizito kinacholipa bati umbo kwa mgandamizo, mara elfu nyingi bila kuchanika. Katika Afrika Mashariki, hatua hiyo ya kutoka nyundo hadi kalibu ndiyo iliyokwama. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ilizinduliwa, baadhi ya sehemu zake zikiwa zimefuliwa katika karakana za reli. Yakaundwa magari matano tu, fedha za kiwanda zikakosekana. Malori ya Nyumbu, yaliyobuniwa Kibaha chini ya jeshi la Tanzania, nayo hayakufikia uzalishaji wa wingi. Si haki kuwalaumu wahandisi: gharama ya kalibu hurudi pale tu inapogawanywa kwa maelfu ya wanunuzi, ambao hawakuwapo.

Kwa hiyo Mbalizi, mji wa Tanzania unaopokea magari yanayoshuka mteremko wa Iwambi kutoka Mbeya kwenda Tunduma, umekuwa ukipitiwa na magari yaliyochorwa kwa ajili ya barabara za wengine. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, na Zambia kukatiwa mafuta yaliyopitia huko, mafuta yake yalipandishwa kwa njia hii, ikiwa bado ya vumbi na tope, na shaba ikateremshwa hadi Dar es Salaam, kwa malori yakiwamo ya Fiat kutoka Italia. Kwa mabasi, mabadiliko ambayo kwingine hufanywa kiwandani yalihamia gereji. Chesisi, yaani fremu yenye injini, usukani na magurudumu, iliagizwa tupu, kisha mafundi wa nchini wakaijengea bodi ya basi. Na kwa kuwa mara nyingi ilikuwa chesisi ya lori, abiria aliketi juu sana, akitikiswa na springi zilizokusudiwa kubeba magunia, hadi mabasi ya China yaliyokamilika yalipoenea.