Shabu na Sleji za Oseberg

Sleji ni chombo cha safari kisicho na magurudumu, kikokotwacho juu ya theluji. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya kilikuwa chombo cha kazi na cha fahari pia. Miongoni mwa sleji za kale zilizo mashuhuri ni zile za Oseberg, katika nchi ya Norwei. Mwaka 834 wanawake wawili walizikwa huko ndani ya merikebu, pamoja na gari na sleji nne, tatu kati yake zikiwa na nakshi tele. Udongo wa mfinyanzi uliofunika kaburi ulizuia hewa, hata mbao zikadumu zaidi ya miaka elfu. Lakini uzito wa mawe ulizivunja vipande vipande.

Profesa Gabriel Gustafson alilifukua kaburi hilo mwaka 1904, na hapo shida ikazuka. Mbao zilizolowa muda mrefu hivyo, zikiachwa zikauke zenyewe, hunywea na kujikunja hata umbo likapotea. Mwaloni ulistahimili, bali miti mingine yenye nakshi haikuweza. Gustafson akatumia dawa iliyojulikana Scandinavia tangu karne ya 19, nayo ni shabu, ile ile ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki huijua kwa kutakasa maji. Vipande vilitiwa katika maji ya moto yenye shabu, vikakaushwa, vikapakwa mafuta ya kitani, kisha vikaunganishwa kwa gundi na skrubu. Sleji zikasimama tena, na watu wakazitazama katika jumba la makumbusho la Bygdøy, Oslo, hata lilipofungwa mwaka 2022 ili lijengwe upya.

Kumbe dawa ilikuwa na sumu yake. Shabu ikipata moto huzaa tindikali, na tindikali hiyo imeula mti kwa ndani muda wa miaka mia. Nje nakshi zapendeza. Ndani mti umekuwa dhaifu mno. Utafiti ulioanza Oslo mwaka 2014 ulitafuta njia ya kuuimarisha. Lakini kuiosha shabu kwahitaji kufungua viungo, na mti uliolika huweza kusambaratika majini.

Je, Gustafson alaumiwe? Hasha. Asingetumia shabu, nakshi hizo zisingeonekana na mtu yeyote. Lakini alifariki mwaka 1915, na shabu ikaendelea na kazi yake. Ndiyo maana watunzaji wa leo, wakiweza kuchagua, hupendelea dawa iwezayo kuondolewa tena.