Nyumbu Hawakufungiwa Mpaka

Baba alizaliwa Igogo, kwenye nyumba iliyoegemea jiwe, si mbali na bandari ya Mwanza Kusini. Babu alikuwa mtu wa Kisumu, mfanyakazi wa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, akahamishiwa Mwanza kikazi kama leo mtu anavyohamishwa kutoka Dodoma kwenda Tabora. Likizo ikifika alipanda MV Victoria kwenda kumsalimia mama yake. Hakuna aliyesema amekwenda nje ya nchi.

Agosti iliyopita tulikwenda sisi: baba, mke wangu, watoto wawili na mimi. Tulitaka kumwona mdogo wake babu, ambaye bado yuko Kisumu, halafu watoto wakaone nyumbu wakivuka Mto Mara. Majirani walitucheka. Hivi kweli, mtu anatoka Mwanza, Serengeti iko pale, anakwenda Kenya kutazama nyumbu?

Basi letu lilipita geti la Ndabaka, ambapo Serengeti inakaribia kabisa barabara, kisha daraja la Kirumi. Baba akawaambia wajukuu zake wachungulie chini: huo ndio Mto Mara wenyewe. Unatoka misitu ya Mau huko Kenya, unapita mbugani, unaingia ziwani upande wa Musoma. Tulikuwa tumeuvuka tayari, bado hatujafika Sirari kugonga mihuri.

Mstari wa Sirari ulianza mwaka 1886, Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi kutoka pwani hadi ziwani. Umenyooka, ila pale Kilimanjaro umepinda. Ukawakata Wamasai, Wakuria na Wajaluo. Lakini kwa miaka mingi haukumzuia mtu kama babu, hasa baada ya pande zote mbili kuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1967 nchi tatu huru zikaunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, na meli, treni na ndege zikaendelea kuwa za wote.

Kisha ikaja 1977. Ugomvi wa mali za Jumuiya ulikuwa wa siku nyingi. Januari Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege. Februari Tanzania ikafunga mpaka. Sababu zilikuwepo. Mojawapo ni kwamba watalii walikuwa wakiingia Serengeti kwa magari kutoka Nairobi, wanatazama wanyama wetu, wanarudi kulala na kutumia pesa Kenya. Jumuiya ikafa mwaka huohuo, vyombo vikagawanywa. MV Uhuru ikabaki Kenya, MV Umoja ikabaki kwetu.

Kisumu, bibi alimshika baba mkono muda mrefu. "Mwana wa kaka yangu," akasema, "twende kwanza kwa mama." Tukaenda kaburini, nyuma ya nyumba. Yule mama alifariki mwaka 1980. Habari ilifika Igogo ameshazikwa. Wapo waliopita njia za panya, lakini babu alikuwa mtumishi wa umma mwenye watoto sita, aliogopa. Naye alifariki 1982. Mpaka ulifunguliwa 1983.

"Kaka yangu hakumtupia mama yake udongo," bibi akasema. Hakulaumu serikali yoyote. Baba akainama, akachukua udongo kidogo, akautupa.

Siku mbili baadaye tulikuwa Maasai Mara, upande unaoitwa Mara Triangle, tumeegesha gari ukingoni mwa mto. Tulisubiri saa tatu. Nyumbu mmoja akaingia majini, na nyuma yake mamia. Mwaka 1961 nyumbu wa mbuga hizi walikadiriwa kuwa kama 260,000. Chanjo ya ng'ombe ikaondoa sotoka, na kufikia 1977 walikuwa wameshapita milioni moja. Yaani mwaka ule ule mpaka ulipofungwa kwa watu, makundi makubwa kuliko yote yaliyowahi kuhesabiwa yalikuwa yakiuvuka kwenda na kurudi, kufuata mvua na majani.

Dereva akatupeleka hadi kijiwe cha mpaka. Ng'ambo yake ni Serengeti, nyasi zilezile. Watoto wakauliza kama tunaweza kurudi nyumbani kwa kupitia hapo. Haiwezekani, akasema dereva. Geti la Sand River lilifungwa kwa watalii tangu 1977, na halijafunguliwa hata baada ya Jumuiya kufufuliwa kwa mkataba wa 1999. Inabidi kuzunguka hadi Sirari.

Baba alikitazama kile kijiwe.

"Babu yenu angefuata nyumbu," akawaambia watoto, "angewahi mazishi."

Kisha akarudi garini kutafuta pasipoti yake.