Nchi na Majina Yake: Nani Aliyeita, Nani Aliyeitika

Mtoto hachagui jina lake. Hupewa angali mchanga, akasomewa dua, na tangu siku hiyo akiitwa huitika. Akikua anaweza kulipenda jina lile au kulichukia, anaweza hata kulibadili. Lakini siku aliyopewa hakuwa na kauli. Nyingi katika nchi za Afrika zimepita njia hiyo hiyo. Bara hili lina nchi 54 zilizo wanachama wa Umoja wa Mataifa, na mwenye kuikunjua ramani akayasoma majina yake kwa utulivu, ataona kuwa kila jina lina aliyelitamka mwanzo, na aghalabu huyo hakuwa mwenyeji. Historia ya majina hayo ni historia ya nani aliyeita, nani aliyeitika, na nani aliyekataa kuitika.

Pwani ya magharibi ya bara ilipata majina yake kutoka baharini, vinywani mwa mabaharia walioitazama nchi kavu wakiwa vyomboni. Mwaka 1462 Mreno Pedro de Sintra alipita mbele ya milima iliyo juu ya bandari ya Freetown ya leo, akaiita Milima ya Simba. Ndilo jina Sierra Leone. Miaka kumi hivi baadaye, Wareno wengine waliingia mlango wa mto Wouri wakakuta maji yamejaa kamba, hao kamba wa kuliwa, wakauita mto huo Rio dos Camarões, yaani Mto wa Kamba. Wajerumani walipoitwaa nchi mwaka 1884 waliandika Kamerun, Waingereza wakaandika Cameroon, Wafaransa Cameroun. Tahajia zilibadilika kwa kubadilika watawala, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza wenyeji wa mto ule wakiuitaje. Taifa zima likabaki na jina la kitoweo.

Palikuwa na majina mengine ambayo hayakuwa majina ya nchi hata kidogo, bali orodha ya bidhaa. Ramani za Wazungu zilionyesha Pwani ya Pembe, Pwani ya Dhahabu na Pwani ya Watumwa, zikifuatana kutoka magharibi kwenda mashariki kama mafungu sokoni. Pwani ya Watumwa haikuachiwa nchi yoyote iitwe kwayo. Pwani ya Dhahabu ililivua jina lake siku ya uhuru. Pwani ya Pembe ndiyo iliyobaki na lake, na hapo pana ajabu: katikati ya miaka ya 1980 serikali yake iliuomba ulimwengu usilitafsiri tena jina hilo kwa lugha nyingine, nchi iitwe Côte d'Ivoire na basi. Mwaka 2013 Cabo Verde nayo ilitoa ombi kama hilo kwa jina lake la Kireno. Nchi hizi mbili zilipewa majina na wageni, kwa lugha ya wageni, na leo zinayalinda majina yale yale yasiguswe. Jina la kupewa likikaa kinywani kwa vizazi, mwenye kuitika hulifanya lake.

Baadhi ya majina yana tarehe na mtu anayejulikana. Tarehe 8 Januari 1897 mwandishi wa habari Flora Shaw aliandika katika gazeti la The Times la London akipendekeza jina moja fupi kwa maeneo yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza kwenye mto Niger. Jina hilo lilikuwa Nigeria. Miaka mitano baadaye bibi huyo aliolewa na Frederick Lugard, ambaye mwaka 1914 aliziunganisha Kaskazini na Kusini zikawa koloni moja. Wahausa, Wayoruba, Waigbo na mamia ya kaumu nyingine walijikuta chini ya neno lililobuniwa mezani, mbali nao. Cecil Rhodes naye hakuhitaji kubuni neno. Nchi mbili zilitiwa jina lake mwenyewe, Rhodesia ya Kaskazini na Rhodesia ya Kusini.

Hata hivyo, wasomaji wa pwani ya mashariki wasidhani kuwa kazi ya kuita iliwahusu Wazungu peke yao. Kiswahili nacho kimetia mkono wake. Waganda huiita nchi yao Buganda, wenyewe ni Baganda, na lugha yao ni Luganda. Misafara ya biashara iliyotoka pwani karne ya kumi na tisa ilifika huko na viambishi vyake: nchi ikawa Uganda, watu Waganda, lugha Kiganda. Waingereza wakalichukua neno kwa matamshi ya Waswahili, na himaya waliyoitangaza mwaka 1894 wakaiita Uganda. Kisha himaya ikapanuka, ikazimeza Bunyoro, Toro, Ankole, Busoga na nchi za kaskazini za Waacholi na Walango. Hivyo jina la ufalme mmoja, kwa lafudhi ya Unguja na Bagamoyo, likawafunika wengi ambao hawakuwa raia wa Kabaka na wengine waliokuwa mahasimu wake. Anayeita kwa nia ya biashara tu anaweza, bila kukusudia, kuwaachia wenziwe mzigo wa karne nzima.

Kusini zaidi, kisiwa kidogo kiliita nchi kubwa. Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1498 penye kisiwa kisichozidi kilomita tatu kwa urefu, alikuta mji wa Waislamu wenye biashara ya bahari. Jina la mahali hapo huhusishwa na Musa bin Mbiki, mkubwa wa kisiwa. Wareno wakalitamka Moçambique, nalo likaenea kutoka kisiwani hadi bara lote la nyuma yake. Waswahili wakasema Msumbiji. Kisiwa kilikuwa makao makuu ya koloni mpaka mwaka 1898, serikali ilipohamia Lourenço Marques, mji ambao tangu 1976 unaitwa Maputo. Makao makuu yaliondoka, jina halikuondoka.

Na penye ziwa palitokea kichekesho cha lugha. David Livingstone alipolifikia mwaka 1859 alilisikia likiitwa Nyasa, neno ambalo kwa wenyeji lina maana ya maji makubwa, yaani ziwa. Akaandika Ziwa Nyasa, ambalo ni kama kusema ziwa liitwalo ziwa, na Waingereza wakaiita nchi Nyasaland. Ilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1964 ilijiita Malawi, kwa kuikumbuka dola ya kale ya Maravi iliyotajwa katika maandishi ya Wareno. Upande wa Tanzania ziwa lingali Nyasa, upande wa pili ni Ziwa Malawi, na mpaka unaopita majini humo umekuwa hoja kati ya nchi hizo mbili. Hapo majina mawili ya maji yale yale ni madai mawili.

Miaka ya uhuru ilikuwa miaka ya kujiita upya. Tarehe 6 Machi 1957 Pwani ya Dhahabu ilijiita Ghana. Ghana ya kale haikuwa hapo. Ilikuwa mamia ya kilomita kaskazini-magharibi, katika nchi ambayo leo ni kusini mwa Mauritania na magharibi mwa Mali. Al-Bakri, mwanachuoni wa Andalusia aliyeandika mwaka 1068, anaeleza kuwa Ghana lilikuwa lakabu ya wafalme wa huko. Mwaka 1960 Sudan ya Wafaransa na Senegal zilikuwa shirikisho lililoitwa Mali, kwa jina la dola ya Sundiata na Mansa Musa. Shirikisho likavunjika mwezi Agosti mwaka huo huo; Senegal ikatoka, Sudan ikabaki na jina, na tarehe 22 Septemba ikajitangaza kuwa Jamhuri ya Mali. Mtu wa ramani anaweza kuicheka Ghana kwa kuazima jina lisilo la ardhi yake. Lakini jina lile halikuwekwa lieleze mahali. Liliwekwa liwajibu wale waliodai kuwa Mwafrika hakuwa na dola kabla ya kutawaliwa.

Dahomey iliazima kwa sababu nyingine. Lilikuwa jina la ufalme wa Wafon wenye makao yake Abomey, ufalme uliokuwa ukiwavamia majirani na kuwauza. Watu wa kaskazini na wa mashariki mwa nchi hawakuwa na sababu ya kulipenda. Tarehe 30 Novemba 1975 Mathieu Kérékou aliifanya nchi iitwe Benin, kwa jina la ghuba iliyo mbele yake, ili asiwepo wa kujiona mwenye nchi kuliko mwenziwe. Matokeo yake ni kuwa Benin maarufu kwa sanamu zake za shaba, zilizoporwa na Waingereza mwaka 1897, haimo katika nchi ya Benin, imo Nigeria. Wageni hupotea njia hapo kila siku. Walakini Dahomey ilifanya ambalo Uganda haikufanya: iliona kuwa jina la ufalme mmoja haliwaenei wote, ikalivua.

Hakuna jina lililopiganiwa kwa ushahidi kama Zimbabwe. Kwa Kishona ni dzimba dza mabwe, na Mswahili hahitaji mkalimani sana kuzisikia nyumba na mawe ndani yake. Mji wa Zimbabwe Kuu ulijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila chokaa, ukashamiri kati ya karne ya kumi na moja na ya kumi na tano. Dhahabu ya nchi hiyo ilishuka Sofala, ikapanda vyombo hadi Kilwa, na sarafu ya sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, imeokotwa katika magofu yake. Walowezi walishikilia kuwa mji ule ulijengwa na Wafoinike, au na watu wa Malkia wa Sheba, au na yeyote mwingine ila Mwafrika. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905 akasema ni kazi ya Waafrika. Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha hilo mwaka 1929. Serikali ya Rhodesia haikupenda kusikia. Nchi ilipopata uhuru tarehe 18 Aprili 1980 na kulivua jina la Rhodes, jina iliyovaa lilikuwa hukumu ya kesi hiyo.

Kujiita upya kwaweza pia kukosea shabaha. Mobutu alipotaka uasilia, tarehe 27 Oktoba 1971 aliigeuza Kongo kuwa Zaire: nchi, mto na fedha, vyote jina moja. Mwaka uliofuata raia walitakiwa wayaache majina yao ya Kikristo. Ila Zaire ni neno la Kikongo, nzadi au nzere, lenye maana ya mto, lililopotoshwa na ndimi za Wareno. Nchi ilikimbia jina la watu wake, Wakongo, ikajisitiri ndani ya kosa la matamshi la mgeni. Mobutu alipoanguka mwezi Mei 1997, jina lile liliondoka naye.

Mfano wa kinyume chake uko Burkina Faso. Ilikuwa ikiitwa Volta ya Juu, jina lisilosema lolote ila mahali pa mto. Tarehe 4 Agosti 1984 Thomas Sankara aliipa jina lililoshonwa kwa lugha za nchini. Burkina ni neno la Kimoore lenye maana ya uadilifu. Faso ni la Kijula, nyumba ya baba. Na mwananchi huitwa Burkinabè, kwa kiishio cha Kifulani. Sankara aliuawa tarehe 15 Oktoba 1987 na mengi aliyoyaanzisha yakafutwa na waliomfuata. Jina halikufutwa. Hao waliofuta mengine hawakuthubutu kuligusa, kwani watu walikwisha kuliitika.

Huko kusini, kujiita upya kumekuwa kazi ya sarufi. Bechuanaland ikawa Botswana na Basutoland ikawa Lesotho, zote mwaka 1966, kwa kurudisha viambishi vya Kibantu mahali pake. Mwaka 2018 Mfalme Mswati III alitangaza kuwa Swaziland itaitwa Eswatini, na miongoni mwa sababu alisema wageni huichanganya na Switzerland. Kiishio hicho ni ndugu wa kile kilichomo katika mjini na nyumbani. Eswatini ni kwa Waswati, basi.

Visiwa vya Bahari ya Hindi navyo vina majina ya tabaka mbili. Komoro ni mwezi wa Waarabu, qamar, lakini kwa wenyewe ni Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore. Madagascar ni jina aliloliandika Marco Polo bila kufika huko, na huenda aliichanganya na Mogadishu, maana alieleza ndovu na ngamia. Waswahili wa zamani waliiita Bukini. Zanzibar ni pwani ya Wazanji, jina la watazamaji wa ng'ambo, na mkaazi wake husema anakwenda Unguja au Pemba. Tarehe 29 Oktoba 1964 jamhuri iliyozaliwa Aprili mwaka huo iliitwa Tanzania: herufi tatu za Tanganyika, tatu za Zanzibar, na kiishio. Jina la Zanzibar likabaki na serikali yake; la Tanganyika, ambalo Waingereza waliliazima kutoka ziwani mwaka 1920, likaondoka katika mihuri. Wapo wanaoliulizia mpaka leo, na swali lao linaonyesha kuwa hata jina alilolitoa mtawala laweza kuachiwa warithi wanaolidai.

Kwa hiyo haki ya jina haipimwi kwa asili yake peke yake. Ghana iliazima na ikaitikiwa. Zaire ilidai uasilia na ikaachwa. Na chini ya jina la muhuri huishi jina la nyumbani, ambalo serikali haikulitoa wala haiwezi kulifuta: Mvita ndani ya Mombasa, Amu ndani ya Lamu, Unguja ndani ya Zanzibar, Bukini ng'ambo ya maji. Hayo hayana mlinzi isipokuwa vinywa vya watu na kalamu za watunzi. Mtunzi wa visiwani akiandika Bukini mahali ambapo ramani imeandika Madagascar, hakosei jiografia; anawaitikia mababu zake waliokwenda huko kwa majahazi.