Miaka 57 ya Muhuri Bila Ukaguzi

Kuanzia mwaka 1933 hadi mwanzoni mwa 1990, sheria ya Kenya haikumtaka ofisa yeyote wa Nairobi aulize iwapo uvumbuzi ulioletwa mezani pake ni mpya. Sheria ya Usajili wa Hataza, iliyojulikana na mawakili kama Sura ya 508, ilikuwa na sharti moja kuu: mwombaji awe amekwisha kupewa hataza Uingereza. Akiwa nayo, alipewa miaka 3 ya kuileta Nairobi ikasajiliwe, na kazi ya aliyeipokea ilikuwa kuthibitisha nakala na kupokea ada. Fundi wa Kisumu aliyebuni kitu chake mwaka 1950, au hata mwaka 1975 wakati bendera ya taifa ilikuwa imepepea kwa miaka 12, hakuwa na ofisi ya kuiendea nchini mwake. Ilimpasa aombe London kwanza, kwa ada za London na mawakili wa London, ndipo arudi nyumbani kusajili alichokibuni hapo hapo nyumbani.

Historia hii husimuliwa, inaposimuliwa, kama kisa cha mvumbuzi Mwafrika kunyimwa haki yake. Ni kweli alinyimwa. Lakini kuna hasara nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo haitajwi sana. Nchi isiyokagua haina njia ya kukataa. Kila hataza inayopokelewa bila kuulizwa ni uzio unaowekwa mbele ya watu wengine wote, na nchi iliyopokea bila kuuliza kwa miaka 57 ilikuwa imewakabidhi wageni uamuzi wa kipi mafundi wake wanaruhusiwa kutengeneza na kipi hawaruhusiwi. Kwa hiyo ninashikilia kwamba faida kubwa ya ukaguzi wa hataza kwa mtaa wa Kisumu kama Migosi haiko katika idadi ya vyeti vinavyotolewa. Iko katika kulinda yale ambayo hayapaswi kuwa mali ya mtu mmoja.

Mataifa makubwa yenyewe yalijifunza jambo hili kwa taabu. Marekani ilianza na ukaguzi mwaka 1790, na Thomas Jefferson, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alikuwa miongoni mwa waliopitia maombi. Kazi ikawalemea, na mwaka 1793 ukaguzi ukaachwa, ikawa ni kusajili tu. Hataza za vitu vya zamani na za vitu vilivyonakiliwa zikajaa, mahakama zikabebeshwa kesi, mpaka sheria ya 1836 ikarudisha wakaguzi. Uingereza nayo ilichelewa sana: ni sheria ya 1902, iliyoanza kutumika kwa upande huu mwaka 1905, iliyowapa maofisa wake kazi ya kutafuta kama uvumbuzi ulikwisha kuonekana katika hataza za awali. Hivyo mwaka 1933 London ilikuwa tayari imekagua kwa karibu miaka 30 na ilijua fika thamani ya kazi hiyo. Koloni ilipewa matokeo, haikupewa chombo. Uganda na Tanganyika zilitendewa vivyo hivyo.

Mlango wa kwanza ulifunguka nje ya Kenya. Desemba 1976, mjini Lusaka, nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza zilikubaliana kuunda shirika la pamoja la mali ya viwanda, ambalo leo ni ARIPO lenye makao Harare. Itifaki ya Harare ya 1982, iliyoanza kazi mwaka 1984, ililipa shirika hilo mamlaka ya kukagua maombi kwa niaba ya nchi wanachama, nazo zikabaki na miezi 6 ya kusema kama hataza fulani haitakuwa na nguvu kwao. Kenya ilijiunga mwaka huo wa 1984. Kisha likaja Bunge la Nairobi na Sheria ya Mali ya Viwanda ya 1989, iliyoanza kutumika Februari 1990 na kuzaa ofisi ya KIPO. Sheria mpya ya 2001 ikaigeuza kuwa taasisi, KIPI, iliyoanza kazi Mei 2002. Kwa mara ya kwanza Mkenya alikaa mezani Nairobi akiwa na mamlaka ya kumwandikia mwombaji wa popote duniani kwamba dai lake halikubaliki.

Kazi yenyewe hufanywa kwa maswali matatu: je, kitu hiki ni kipya duniani kote, na si Kenya pekee? Je, kina hatua ya ubunifu ambayo mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo asingeifikia kwa urahisi? Na je, kinaweza kutengenezwa au kutumika katika shughuli za kiuchumi? Mkaguzi haanzi na michoro wala na maelezo marefu ya mwanzo. Anaanza na madai, yaani zile sentensi zenye namba ambazo, kama mawe ya mpaka wa ploti, zinaonyesha hasa eneo ambalo mwombaji anataka liwe lake peke yake. Neno moja lililopanuliwa katika dai la kwanza linaweza kumeza kazi ya watu elfu.

Chukua skrini zinazovutika, teknolojia ambayo hivi sasa inapiganiwa katika ofisi za hataza za dunia. Fundi simu yeyote wa Kondele, hatua chache kutoka Migosi, anaifahamu nusu ya tatizo lake bila kufundishwa. Anapopasha moto ukingo wa simu na kukinyanyua kioo, huwa makini na ule utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha skrini na bodi. Utepe huo unakunjika, lakini hauvutiki. Ukiuvuta, njia za shaba ndani yake hukatika na mteja hupoteza skrini. Skrini ya kukunja iko hivyo hivyo: inapinda, haiongezeki urefu. Ili skrini ivutike kama mpira, wahandisi wameweka vipande vidogo vigumu vya kutoa mwanga juu ya tabaka la mpira na kuviunganisha kwa nyaya zilizochorwa kwa mapindo ya nyoka. Mpira unapovutwa, mapindo hunyooka na shaba yenyewe haipati mkazo wa kuikata. Njia nyingine ni kubadili waya wenyewe: mwaka 2009 kundi la Takao Someya wa Chuo Kikuu cha Tokyo lilionyesha skrini iliyounganishwa kwa mpira uliochanganywa na nyuzi ndogo mno za kaboni ili upitishe umeme. Miaka mitatu kabla, John Rogers na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois walikuwa wamechapisha namna ya kuipa silikoni umbo la mawimbi juu ya mpira ili ivutike bila kuvunjika. Novemba 2022 LG Display ya Korea Kusini ilionyesha skrini ya inchi 12 inayovutika hadi inchi 14, na miaka miwili baadaye ikaonyesha nyingine inayofika inchi 18.

Sasa jiweke mahali pa mkaguzi. Ombi linasema: waya uliopinda, juu ya tabaka linalovutika, unaounganisha vipande viwili vinavyotoa mwanga. Likipita kama lilivyo, mwombaji amejipatia karibu fani nzima. Mkaguzi anayejua kazi ya 2006 na ya 2009 atalirudisha na kumwambia mwombaji apunguze: aseme upindo wa namna gani, nyenzo ipi, na tatizo gani ambalo waliotangulia walishindwa kulitatua. Kinachobaki baada ya mabishano hayo ndicho chake kwa haki. Kilichokatwa ni cha kila mtu, akiwemo mwanafunzi wa umeme anayeishi Migosi.

Ukanda wa Ziwa Victoria una mfano ulio karibu zaidi. Roy Allela, mhandisi Mkenya, alitengeneza glavu aliyoiita Sign-IO kwa sababu ya mpwa wake asiyesikia. Kila kidole kina kihisi ambacho usomaji wake hubadilika kidole kinapopinda. Data husafiri kwa Bluetooth hadi kwenye simu, na programu hutamka kwa sauti kile ambacho mikono imesema. Aliijaribu katika shule ya watoto wenye mahitaji maalumu katika Kaunti ya Migori, na ikampatia tuzo nje ya nchi. Ni kazi ya kujivunia. Lakini mkaguzi yeyote akipewa ombi la glavu ya aina hii, lazima afungue hataza ya Marekani namba 4,414,537 ya mwaka 1983, ambamo Gary Grimes wa Bell Labs alieleza glavu yenye vihisi vya kutambua alfabeti ya vidole inayotumiwa na viziwi. Karibu nayo atakuta ya Thomas Zimmerman ya mwaka 1985, kuhusu kihisi cha kupima mpindo kwa mwanga. Hili halimwondolei sifa mbunifu wa leo, kwani ndani ya glavu ya kisasa panaweza kuwa na mambo ambayo Grimes hakuyaota, kama vile namna ya kuizoesha kasi ya kila mtoto. Linachosema ni kwamba hakuna mtu leo, wa Nairobi wala wa California, anayeweza kudai kwamba glavu yenye vihisi vya kusoma vidole ni yake. Hataza ya Grimes ilikwisha muda wake zamani. Maarifa yake, pamoja na michoro, yako wazi bure kwa yeyote mwenye simu na bando.

Watakuwepo watakaosema kwamba Kenya haina kiwanda cha skrini na haitakuwa nacho hivi karibuni, kwa hiyo kumfundisha mkaguzi wa Nairobi fani hii ni anasa. Kesi kubwa ya hataza katika mahakama zetu inawajibu. Katika mzozo wa kampuni za Sanitam na Rentokil, uliofika Mahakama ya Rufaa mwaka 2006, kilichopiganiwa hakikuwa kompyuta wala dawa. Kilikuwa pipa la taka linalofunguliwa kwa kukanyaga, lililolindwa na hataza ya ARIPO namba AP 773. Kampuni zilivutana kwa miaka juu ya kitu ambacho warsha yoyote ya jua kali pale Kibuye, Kisumu, ingeweza kukikunja kwa bati. Teknolojia ngeni huanza juu, kisha hushuka hadi kwenye mapipa, baiskeli, viatu na bandeji. Itakaposhuka, hataza zilizopokelewa bila macho zitakuwa tayari zinaingoja. Aidha Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza tangu 1994, na ombi la kimataifa chini ya mkataba huo linaitaja Kenya pamoja na wanachama wengine. Kampuni yoyote ya skrini ikiamua kuendelea na ombi lake hapa, KIPI haitaweza kusema kwamba jambo hilo haliihusu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na nakiri kwamba kwa upande mmoja ni la busara: ofisi za Munich, Tokyo na Washington zina maelfu ya wakaguzi, kwa nini tusitumie kazi yao? Tuitumie, bila shaka. Ripoti zao za utafutaji ni hazina, na ni upotevu kuanza upya kila mara. Ila kuna tofauti kati ya kusoma ripoti na kuitii. Ofisi hizo hutofautiana zenyewe kwa zenyewe; dai linalokubaliwa Washington hupunguzwa Munich. Sheria yetu nayo ina vigezo vyake. Anayepokea jibu la mwingine bila uwezo wa kulipima amerudi Sura ya 508, hata kama karani sasa anatumia kompyuta.

La tatu ni malalamiko ya wabunifu wenyewe, kwamba ukaguzi ni wa polepole, una gharama, na KIPI iko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka ziwani. Malalamiko haya ni ya haki, na dawa yake ni kuleta huduma karibu, si kupunguza ukali wa maswali. Sheria imekwisha kuacha njia nyepesi: cheti cha uvumbuzi mdogo, kinachodumu miaka 10 na kisichodai hatua ya ubunifu, kinawafaa wengi wanaoboresha jiko, mtego au kikaushio cha omena. Kinachokosekana ni maarifa ya mapema. Kijana anayeonyesha kifaa chake katika maonyesho ya kilimo pale Mamboleo, Kisumu, amekwisha kukitangaza kwa dunia. Sheria ya Kenya inampa miezi 12 ya kuwasilisha ombi baada ya kutangaza. Ulaya kwa kawaida haimpi hata siku moja. Neno hilo moja la tahadhari, likifika mapema, lina thamani zaidi kuliko semina kumi baada ya maonyesho.

Na wakati unakimbia kwa faida yetu. Hataza hudumu miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa, na maombi ya awali ya kundi la Rogers kuhusu elektroniki za kuvutika yalianza kuwasilishwa Marekani mwaka 2004 na 2005. Marekani huongeza muda pale ofisi yake inapochelewa, kwa hiyo tarehe ya kila hati inapaswa kuangaliwa peke yake, lakini kizazi cha kwanza cha hati hizo kinafika ukingoni sasa. Tena, hataza isiyoombwa Kenya wala kupitia Harare haikuwahi kumfunga mtu aliye Kenya. Kampuni zinajua hesabu hii na hujaza maombi mapya yanayobadilisha kona ya waya au aina ya gundi, huku dai la kwanza likinyoosha mkono kuelekea uvumbuzi wa zamani. Moja la maombi hayo likitua KIPI, mkaguzi atakayelipokea atahitaji kuwa na hati za 2005 mkononi, na muda wa kuzisoma.