Bunduki ya Vigneron: Kutoka Jeshi la Ubelgiji hadi Vita vya Kongo

Mwaka 1953 jeshi la Ubelgiji lilianza kutumia bunduki ndogo ya rashasha iliyobuniwa na Georges Vigneron, kanali mstaafu wa jeshi hilo. Ilikuwa silaha rahisi kuunda: mwili wa bati la chuma, kitako cha waya kinachosukumwa ndani, na magazini ya risasi 32 za milimita 9. Bolti yake haina komeo. Uzito wake na nguvu ya springi huichelewesha mpaka risasi itoke mtutuni. Msukumo wa gesi huirudisha nyuma na kulitema ganda. Mshiko nao una kizuizi: usipobanwa barabara kiganjani, bunduki hailii.

Kizuizi hicho kilikusudiwa kuzuia ajali mikononi mwa askari. Swali la nani ataimiliki silaha hiyo baadaye halikuwa na kizuizi chochote. Vigneron ilitumiwa pia na Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 5 Julai askari wakawaasi maofisa wao Wabelgiji. Utawala uliondoka, silaha zikabaki, zikatumika katika mapigano yaliyofuata.

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama kuzitia silaha alama na kutunza kumbukumbu zake. Historia ya Vigneron yaonyesha kwamba kazi hiyo yapaswa kutangulia makabidhiano ya madaraka, kwani bunduki huishi kuliko serikali iliyoinunua.