Vipuri vya Kujitengenezea: Historia Fupi ya Ufundi wa Gari hadi Juba

Mgeni afikaye Juba na kupita kandokando ya barabara zake hachelewi kusikia mlio wa nyundo. Chini ya mti, au kivulini mwa turubai, atamwona fundi ameketi juu ya tairi kuukuu, mbele yake kipande cha chuma ambacho jana kilikuwa sehemu ya lori bovu na kesho kitakuwa sehemu ya gari jingine. Wako watu wanaoitazama kazi hii kwa dharau, wakisema ni dalili ya umaskini tu. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba vipuri vya kujitengenezea vina historia yake, vina elimu yake, na vina mipaka yake. Na kwamba elimu hiyo, kwa kuwa aghalabu haikuandikwa, inaweza kupotea mbele ya macho yetu.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba ufundi wa chuma si mgeni katika nchi hii. Kabla ya gari la kwanza kuonekana, Wabari, ambao ndio wenyeji wa sehemu za Juba, walikuwa na wahunzi wao walioitwa tomonok. Wahunzi hao walihesabiwa katika tabaka la chini lililojulikana kwa jina la dupi, ingawa jembe la mkulima na mkuki wa mwindaji vilitoka mikononi mwao. Kule Bahr el Ghazal, Wabongo walisifika kwa kuyeyusha chuma. Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea aliyesafiri katika nchi hizo kati ya mwaka 1868 na 1871, aliandika habari za matanuri yao. Basi dharau anayotupiwa fundi wa leo si mpya: tangu zamani jamii imekula kwa jembe la mhunzi huku ikimketisha mbali.

Ili tuelewe gereji za Juba, hatuna budi kwenda kusini kwanza, kwani mafundi wengi waliofanya kazi Juba baada ya vita walitoka Uganda na Kenya, au walijifunza huko wakiwa wakimbizi.

Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Biashara ya vipuri, kama biashara nyingine nyingi, ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwao. Walipoondoka, maduka yalibaki, lakini njia za kuagiza mali na watu waliozijua hawakuwapo tena. Magari hayakungoja. Mafundi wa Katwe, mjini Kampala, wakawa tegemeo la wenye magari, hata jina la Katwe likawa sawa na kusema kitu kilichoundwa upya kutokana na vyuma chakavu.

Tanzania nayo ilipata msukosuko wake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka kati yake na Kenya ukafungwa hadi 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta, vilimaliza fedha za kigeni. Magari yaliegeshwa kwa kukosa kitu kidogo tu. Serikali ilikwisha unda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, mwaka 1973, lakini mwenye lori alipopata shida alikimbilia kwa fundi wa mtaani, kama wale wa Gerezani mjini Dar es Salaam. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na tangu hapo vipuri vya nje vikaanza kurudi madukani.

Kenya ilikuwa na maduka yaliyojaa kuliko jirani zake, ila si kila mtu aliyemudu bei zake. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa kuhusu ajira nchini humo, iliyoieleza dunia kwamba watu hawa wasioandikwa popote walikuwa wazalishaji wa kweli. Wenyewe walijiita jua kali, kwa kuwa jua ndilo lililokuwa paa lao. Mwezi wa Novemba 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji mjini Nairobi, akaahidi kuwajengea vibanda. Katika miaka hiyohiyo serikali yake iliagiza liundwe gari la Kenya, lililoitwa Nyayo Pioneer. Magari machache yalionyeshwa mwaka 1990, lakini hayakupata kuuzwa kwa wananchi. Kipuri kidogo cha fundi wa jua kali, ambacho hakikuzinduliwa na mtu yeyote, kiliendelea kusafirisha abiria.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Kilicho rahisi kuliko vyote ni gasketi. Fundi hutandaza karatasi ngumu juu ya uso wa chuma, kisha hugonga taratibu kwa nyundo ndogo kufuata kingo, mpaka karatasi ikatike yenyewe kwa umbo la chuma kilicho chini yake. Boshi za springi hukatwa katika mpira wa tairi lililochakaa: kipande huchongwa mviringo, hutobolewa katikati, hutiwa kibomba cha chuma, halafu hushindiliwa mahali pake. Rejeta inayovuja huzibwa kwa lehemu. Na mshipa wake mmoja ukiwa umeoza kabisa, hukatwa na kuzibwa, ili mingine iliyosalia iendelee na kazi.

Kazi ya alumini ni ngumu zaidi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, moto unaoweza kupatikana kwa mkaa na mivukuto. Chuma kitupu huhitaji nyuzi zaidi ya 1500. Ndiyo sababu fundi wa kibandani huweza kusubu alumini, ilhali chuma hukifua tu kikiwa chekundu. Pistoni kuukuu huyeyushwa, na uji wake humiminwa katika kalibu ya mchanga. Hapa ndipo elimu inapojitokeza. Alumini inapopoa husinyaa, kiasi cha zaidi ya sehemu 1 katika kila 100. Fundi akitumia kipuri cha zamani kuwa kielelezo cha kalibu yake bila kukinenepesha kidogo, atapata kipya kilicho kidogo kuliko kinachotakiwa. Jambo hilo wanafunzi wa chuo hulisoma katika hesabu. Fundi huonyeshwa na mwalimu wake, au hufunzwa na hasara.

Springi za lori, zile za vipande virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hufuliwa motoni. Kipande hukatwa, hupashwa moto hadi rangi ya wekundu aijuayo fundi, hupindwa, kisha huzamishwa katika mafuta machafu ya injini. Kikiachwa hivyo huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Hivyo lazima kipashwe tena moto wa wastani. Fundi hana kipimo cha joto ila jicho lake. Huo ndio ujuzi wa mhunzi wa kale, umehama tu kutoka kwenye jembe kwenda kwenye lori.

Lakini ufundi wa kweli ni pia kujua lisilofaa kutengenezwa. Siku moja nilikuwa katika kibanda kimoja hapa Juba, nikingoja gari letu, alipoingia dereva wa basi dogo akiwa na kiungo cha usukani kilichokatika. Alitaka kichomelewe, kwani kipya kilimshinda bei. Fundi alikigeuzageuza mkononi, akamrudishia. Alimwambia kwamba yuko tayari kumkatia gasketi kwa mkopo, na hata boshi, ila kile hatakigusa. Dereva alipokwisha kuondoka kwa hasira, fundi alinigeukia, akaniita ustazi, kama ilivyo desturi ya Juba kumwita mwalimu, akanieleza kuwa boshi ikifa gari hupiga kelele, lakini usukani ukifa gari halisemi neno. Sikupata kujua kama dereva yule alipata fundi mwingine wa kumkubalia. Nimelifikiria basi lile mara nyingi.

Juba imeihitaji elimu hii kuliko miji mingi. Tangu 1983 hadi 2005 vita viliuzunguka mji. Barabara zilitegwa mabomu, na mali nyingi ziliingia kwa ndege au kwa matishari ya Mto Nile. Wakati huo maelfu ya wananchi walikimbilia nchi jirani. Katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992, vijana walifundishwa umakanika na uchomeleaji na watawa wa Don Bosco. Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 wengi walirejea na ufundi wao, na Kiswahili chao. Mwaka 2012 lami ilikamilika katika barabara ya kilomita 192 kutoka Juba hadi Nimule, na vipuri kutoka Kampala vikafika kwa wingi. Ilidhaniwa kwamba zama za kujitengenezea zimekwisha. Kisha vita vikazuka tena Desemba 2013. Na Desemba 2015, paundi ya Sudan Kusini ilipoachwa ipangiwe bei na soko, thamani yake ilianguka kwa siku moja kutoka kama paundi 3 kwa dola hadi zaidi ya 18. Yule aliyekuwa akinunua boshi mpya akarudi kwa mkata matairi.

Walimu wenzangu huenda wakauliza, haya yanatuhusu nini sisi wa lugha? Yanatuhusu sana. Mwanafunzi wa Juba anayezungumza Kiarabu huja darasani akiwa tayari ana nusu ya msamiati wa fundi. Lehemu na kusubu vina asili ya Kiarabu, msumari vilevile. Spea ya Nairobi ni ndugu wa isbiri ya Juba, na zote mbili zimetoka katika Kiingereza. Hata neno warsha, ambalo kwetu ni mkutano wa walimu wenye kalamu na chai, hapa Juba ni gereji yenyewe. Na yako maneno mazuri ya Kiswahili, kama kukereza, fuawe na mivukuto, ambayo vitabu vyetu huyataja kwa nadra, ilhali vitu vyenyewe vipo vinatumika mita chache kutoka shuleni.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wazee waliojifunza kazi hii katika miaka ya shida ya 1970 na 1980 wanapungua. Napendekeza kila mwalimu awapeleke wanafunzi wake, mara moja kwa muhula, kwenye kibanda cha fundi, waulize jina la kila chombo na kila kazi, na waandike majibu. Waulize pia ni kipuri gani fundi huyo hakubali kukitengeneza, na kwa nini. Jibu hilo nalo liandikwe.