Siku 14 kwa Gharama ya Nani?

Machi 2020, kabla uwanja wa ndege wa Entebbe haujafungwa, abiria waliotua kutoka nchi zenye maambukizi mengi hawakuruhusiwa kwenda makwao. Walipelekwa hotelini papo hapo Entebbe, wakaambiwa watakaa siku 14 na kwamba bili ni yao: dola 100 kwa siku. Jumla yake ni zaidi ya shilingi milioni 5 za Uganda. Mfanyabiashara mdogo aliyekwenda Dubai kununua nguo za kuuza angeitoa wapi? Malalamiko yalianza siku ya kwanza. Tarehe 21 mwezi huo Uganda ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, naye alikuwa ametoka Dubai.

Hoteli hujengwa ili watu wakutane: ukumbi mmoja wa chakula, ngazi moja, hewa ileile kwenye korido. Karantini inataka kinyume chake. Melbourne, Australia, iliyajua hayo kwa uchungu katikati ya 2020, virusi vilipotoka kwenye hoteli mbili za karantini na kuuangusha mji mzima katika wimbi la pili. Anayefungiwa hulinda wengine, lakini huweza kuambukizwa na jirani yake wa chumba cha pili siku ya 12.

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki karantini ina umri mrefu. Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Zanzibar, alijenga gereza kwenye kisiwa cha Changuu katika miaka ya 1890, lakini badala ya wafungwa wakaletwa abiria wa meli, wakae huko mpaka ijulikane hawana ugonjwa wa kuambukiza. Miezi ambayo hapakuwa na meli za kuzuiwa, wakubwa wa mjini walikwenda kupumzika kisiwani hapo hapo. Leo wageni hulipa nauli ya mashua kwenda kuwatazama kobe wa kisiwa hicho.

Huku kwetu Mvara, Arua, karantini haikuwa na sura ya hoteli. Mpaka wetu ni njia za miguu. Mkakwa wa Koboko ana shangazi Yei, upande wa Sudan Kusini, na mjomba upande wa Kongo. Mlugbara wa Arua ana ndugu Aru, Kongo. Soko la Ariwara, ingawa liko Kongo, hatulihesabu kuwa ng'ambo. Ndiyo maana Ebola ilipothibitishwa Ariwara katikati ya 2019, hofu ilifika hapa kabla ya tangazo lolote, na vituo vya kupima joto vya mpakani vikakaza ulinzi. Korona ilipokuja, watu wa hapa walikuwa wameshazoea ndoo ya maji ya klorini.

Tarehe 1 Julai 2020 Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Siku hiyohiyo, kusini kidogo, katika wilaya ya Zombo, serikali ilifungua kwa muda vivuko vya Guladjo na Mount Zeu. Tangu Machi wakimbizi hawakuwa wakipokelewa, na maelfu ya watu waliokimbia mauaji ya Ituri, Kongo, walikuwa wamekwama porini tangu mwishoni mwa Mei. Kwa siku tatu waliingia zaidi ya 3,000, wengi wao watoto na kina mama. Wakawekwa karantini ya siku 14 katika chuo cha kilimo karibu na mpaka, kisha wakapelekwa makazi ya wakimbizi ya Imvepi. Hakuna aliyewadai dola 100. Kisha mlango ukafungwa tena.

Nauona uamuzi huo wa Zombo kuwa wa heshima kuliko yote yaliyofanywa mwaka ule kwa jina la karantini, kwa sababu ulikubali kwamba unaweza kumzuia mtu bila kumfukuza. Na haukuhitaji sheria mpya. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, ambazo zinaifunga Uganda, zinasema katika kifungu cha 40 kwamba nchi isimtoze msafiri gharama za karantini iliyomlazimisha, isipokuwa anayekuja kuomba ukaazi. Kenya nayo ilianza kwa kutoza, watu wakapiga kelele, na Mei 2020 ikafuta malipo katika vituo vya serikali. Waliolala hotelini Entebbe Machi ile walikuwa wanaidai haki iliyokwisha kuandikwa.